Kufunga, Kushindika na Kurudishia: Historia Fupi ya Istilahi za Mlango wa Dharura

Yako makosa ya tafsiri ambayo msomaji huyaona, akatabasamu, akapita. Yako na mengine ambayo yaweza kuondoa roho za watu. Katika makala haya tumekusudia kueleza historia ya istilahi chache za kundi hili la pili, yaani zile zihusuzo milango ya vyumba vya kazi: mlango uzuiao moto usienee, mlango wa kutokea wakati wa hatari, na vitenzi tuvitumiavyo kuwaagiza watu waifanyeje milango hiyo. Tumeuchagua mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, uwe mahali pa kuzipimia istilahi hizo, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Tuanze na sentensi moja. Katika majengo ya kazi hubandikwa agizo, ambalo aghalabu limetoka katika Kiingereza, kwamba mlango wa kuzuia moto usiachwe wazi. Mtafsiri mwenye haraka huandika: "Mlango huu ufungwe wakati wote." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na kila mwananchi ataielewa. Lakini tujiulize mlinzi wa ghala atakayeisoma atafanya nini. Atautia mlango kufuli, kisha ataweka ufunguo mfukoni, naye atakuwa ametii agizo neno kwa neno. Ilhali mwenye agizo alitaka jambo jingine kabisa: mlango urudi mahali pake ili moshi usipite, lakini usikazwe, ili mtu apite.

Tatizo limo katika kitenzi chenyewe. Kufunga ni kitenzi chenye mzigo mkubwa. Twafunga mzigo kwa kamba, twafunga mkutano, twafunga saumu, na mhalifu hufungwa gerezani. Katika matumizi mengi maana yake ni kukaza kitu kisilegee au kuzuia kitu kisiendelee. Kwa hiyo mtu aambiwapo afunge mlango, hasa mlango wa ghala au wa ofisi, fikra zake huenda moja kwa moja kwenye komeo na kufuli. Kiingereza kina maneno mawili kwa matendo haya mawili, na sheria za viwanda zimejengwa juu ya tofauti hiyo. Je, Kiswahili hakina? Kinayo, na ya siku nyingi.

Tuutazame mlango wa pwani. Mlango wa nakshi wa Unguja, Lamu au Bagamoyo una msamiati wake kamili: miimo ya pande mbili, kizingiti cha chini na cha juu, mfaa unaosimama katikati ambapo mbao mbili hukutana, bawaba, komeo, tumbuu, na pingo linalopitishwa kwa ndani usiku. Mlango huo kwa kawaida hufungukia ndani. Ulitengenezwa hivyo kwa sababu: adui anayehofiwa yuko nje, naye akisukuma atakutana na pingo. Ni mlango wa nyumba yenye watu wachache wanaojuana, ambao kila mmoja wao ajua pingo liko wapi hata gizani.

Watu wa mlango huo walikuwa na vitenzi vya kutosha. Kukomea kulikuwa kutia komeo. Kuegesha kulikuwa kuuacha mlango umeegemea tu mwimo wake. Na kushindika kulikuwa kuurudisha mlango mpaka mahali pake pasipo kutia komeo. Maana hii ya mwisho imo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, na wazee wa pwani wangali wakiitumia. "Shindika mlango" na "komea mlango" ni amri mbili mbalimbali, na mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili hakuweza kuzichanganya. Hivyo basi, ile tofauti ambayo sheria ya moto yaihitaji haikuingia Afrika ya Mashariki ikiwa ngeni. Tulikuwa nayo nyumbani, tukaiacha tulipoanza kuandika matangazo.

Sheria yenyewe ilizaliwa mbali, na ilizaliwa kwa misiba. Mwaka 1883, katika mji wa Sunderland huko Uingereza, watoto 183 walikufa katika ukumbi wa michezo. Hapakuwa na moto. Watoto waliteremka ngazi kwa kishindo kwenda kupokea zawadi, wakaukuta mlango ulio chini ya ngazi unafungukia ndani, tena umetiwa komeo kwa namna iliyoacha upenyo wa mtoto mmoja mmoja tu. Wa nyuma waliwasukuma wa mbele, na wa mbele hawakuwa na nafasi ya kuuvuta mlango. Baada ya msiba huo, Mwingereza Robert Alexander Briggs alibuni komeo ambalo hufunguka likisukumwa kutoka ndani, akapata hataza yake mwaka 1892. Faida ya komeo hilo ni kwamba halihitaji ufunguo wala maarifa: uzito wa mtu anayekimbia unatosha.

Sheria ya Viwanda na Karakana ya Uingereza ya mwaka 1901, ikifuata ile ya mwaka 1895, iliweka kanuni mbili ambazo zimeendelea kunakiliwa hadi leo. Kwanza, wakati watu wamo ndani kwa kazi au kwa chakula, mlango usifungwe kwa ufunguo wala kwa komeo kwa namna itakayozuia usifunguke kwa urahisi, papo hapo, kutoka ndani. Pili, katika viwanda vipya, mlango wa chumba chenye wafanyakazi zaidi ya 10 ufungukie nje, isipokuwa mlango wa kuteleza pembeni. Tunawaomba watafsiri wayaangalie sana yale masharti matatu ya kanuni ya kwanza. "Kwa urahisi" maana yake bila nguvu wala ujuzi. "Papo hapo" maana yake bila kumtafuta mwenye ufunguo. "Kutoka ndani" maana yake kwa mkono wa mtu aliyemo hatarini, si wa mlinzi aliyeko nje. Mtafsiri akiacha sharti moja, sheria imebomoka.

Jinsi sheria inavyoweza kubomolewa na neno moja ilionekana huko New York, Marekani. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na wa Kiitalia. Katika ghorofa ya tisa, mlango mmoja wa kuelekea kwenye ngazi ulikuwa umetiwa kufuli. Sababu ilikuwa hofu ya wizi: wafanyakazi walitakiwa watoke kwa mlango mmoja tu ili mikoba yao ikaguliwe. Sheria ya jimbo hilo ilikwisha kukataza milango kufungwa saa za kazi. Ilisema pia kwamba milango ifungukie nje, lakini ikaongeza neno "inapowezekana", na neno hilo dogo likawapa wenye majengo mwanya wa kudai kwamba ngazi zao ni nyembamba, haiwezekani. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiliwa mwezi Desemba mwaka huohuo, kwa kuwa ilitakiwa ithibitishwe kwamba walijua mlango umefungwa wakati ule. Hapana shaka misiba hiyo haikwisha katika karne ile. Tarehe 10 Mei 1993 watu 188 walikufa katika kiwanda cha vinyago cha Kader nchini Thailand, ambako milango ya kutokea ilikuwa imefungwa.

Nasi hatukusalimika. Mwezi Juni 1994 wasichana wapatao 40 waliteketea kwa moto bwenini katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, huko Rombo, Kilimanjaro. Mwezi Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli nchini Kenya, walikufa wavulana 67. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa, na madirisha yana nondo. Haya ni mabweni, si viwanda. Lakini mantiki ya nondo na kufuli ni ileile iliyotumika New York: mlango hupangwa kwa ajili ya mwizi na mtoro, wala haupangwi kwa ajili ya moto.

Kwa upande wa sheria, Tanganyika ilipata Sheria ya Viwanda, Sura ya 297, mwaka 1950, nayo ilifuata kwa karibu mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1937. Baada ya miaka zaidi ya 50 sheria hiyo ilifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Mwaka 2007 ikatungwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Zote hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi aliyetakiwa kulindwa nazo alizifahamu kwa njia ya matangazo ya ukutani na maneno ya msimamizi wake tu. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2021, sheria ilipotamka kwamba lugha ya sheria za nchi na ya mahakama ni Kiswahili. Tangu hapo kazi ya kuzitafsiri sheria imekuwa jukumu la serikali, na lile kosa la "ufungwe wakati wote" laweza sasa kutoka ukutani likaingia katika kifungu cha sheria.

Sasa tuje Tunduma. Mpaka unaopita hapo asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mji wenyewe ulikuzwa na barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawanya Mkoa wa Mbeya, makao makuu yakawa Vwawa. Mwezi Oktoba 2019 Marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde.

Aliyepita Tunduma anavijua vyumba vya kazi vya mji wa mpakani: ofisi za mawakala wa forodha, maghala ya nafaka, stoo za mitumba, maduka ya jumla, karakana za kuchomelea vyuma. Mara nyingi chumba kina mlango mmoja tu wa chuma, upande wa barabarani. Madirisha yamepigwa nondo. Na nyuma kuna ukuta unaogusana na stoo ya jirani. Nje yamepanga foleni malori, na miongoni mwake yamo ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo. Mwenye mali haogopi bure. Mpakani pana wageni wengi na wizi upo. Lakini mlango ambao mwizi hawezi kuuvunja kutoka nje, akiba ya mahindi ikishika moto, hata mwenye mali hawezi kuutoka.

Aidha, tangazo la ukutani hapo Tunduma husomwa na watu wa lugha nyingi: Wanyamwanga na Wanyiha walio wenyeji, Wabemba wanaovuka kutoka Nakonde, madereva wa Lubumbashi wenye Kiswahili chao cha Kongo, na wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, lakini si Kiswahili cha Mji Mkongwe. Ndiyo sababu tumesema kwamba Tunduma ni mahali pazuri pa kupimia istilahi. Neno litakaloeleweka na kuli wa Tunduma, katika chumba chenye moshi, litaeleweka Mbeya na Tanga pia.

Tukilipima hapo neno shindika, zuri kama lilivyo, tunakuta kikwazo. Katika bara kitenzi hiki chajulikana zaidi kwa maana yake nyingine, ile ya kukamua miwa au mafuta, na umbo lake la sindika limeenea sana kutokana na viwanda vya kusindika vyakula. Mwambie fundi wa kinu cha alizeti wilayani Mbozi "sindika mlango", naye atakuuliza mlango hutoa mafuta gani. Kuegesha nako hakufai, kwa kuwa mlango ulioegeshwa huachwa na upenyo, na moshi hauhitaji zaidi ya huo. Lakini bara hiyohiyo inalo neno lake. Mgeni akitoka chumbani huambiwa, "Rudishia mlango," na hakuna anayemwelewa kwamba atie kufuli. Kurudishia ni kuurudisha mlango mpaka ukae mahali pake, basi. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kitenzi kifaacho katika matangazo na katika sheria, na kushindika kukubaliwe kuwa kisawe chake pale ambapo wasomaji ni watu wa pwani.

Kwa mlango wenye chuma cha kuurudisha wenyewe, tunapendekeza "mlango unaojirudishia". Wapo waliokwisha kusema "mlango unaojirudi", lakini kujirudi ni kazi ya mtu aliyekosa akatubu, na mlango hauna kosa.

Tuje kwenye majina. "Mlango wa moto" ni tafsiri ya neno kwa neno nayo yapotosha. Katika masikio ya Mwislamu na Mkristo moto ni jehanamu, na mlango wa moto ni mlango wa kuingilia huko. Hata asiye na dini ataudhania kuwa ni mlango wa tanuri. Tunalo tayari kielelezo kizuri cha kuunda neno: zimamoto, kitenzi na nomino vilivyounganishwa. Neno hilo lilipita katika majaribu, kwani zamani za ukoloni ulienea katika Afrika ya Mashariki uvumi kwamba wazimamoto huteka watu na kuwanyonya damu. Hata hivyo uvumi ulipungua na neno likabaki, mpaka likawa jina la jeshi la umma. Kwa kufuata kielelezo hicho twaweza kusema "mlango kingamoto". Atatokea wa kutukumbusha methali isemayo "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo", ambapo kinga ni kijinga cha moto, kinyume kabisa cha tunachokitaka. Ni ukumbusho wa haki. Lakini maana ya kinga iliyo hai katika shule na zahanati ni ile ya kuzuia madhara, kama katika kingamwili, na tunaona kwamba haitaleta utata.

"Mlango wa dharura" umekwisha kuenea, hata kwenye mabasi, na istilahi iliyoenea haifai kuondolewa bila sababu kubwa. Ni bora kuliko "mlango wa hatari", ambao humfanya mtu aukimbie badala ya kuukimbilia. Lakini una kasoro moja ambayo sharti ielezwe. Dharura katika mazungumzo ni jambo la nadra, la kuombea ruhusa. Kwa hiyo msimamizi akisoma "kwa matumizi ya dharura tu" huona ni sawa mlango ukae na kufuli mpaka hiyo dharura ije, ndipo ufunguo utafutwe. Maneno "kwa matumizi ya dharura tu" yasitumike pasipo kuongezwa "usitiwe kufuli".

Yafaa pia kutofautisha milango hii miwili, kwa sababu watu wengi huidhania kuwa ni mmoja. Mlango kingamoto kazi yake ni kuzuia moto na moshi kwa muda uliopimwa, aghalabu dakika 30 au 60, ili watu wapate nafasi ya kutoka. Ukiachwa wazi kwa kuwekewa jiwe, hauna faida. Mlango wa dharura kazi yake ni kupitisha watu; ukirundikiwa magunia mbele yake, hauna faida vilevile. Mlango mmoja waweza kufanya kazi zote mbili, na hapo ndipo maneno ya tangazo yatakiwapo kuwa makini zaidi. Lile komeo la kusukuma, lililoanzia Sunderland, liitwe hivyohivyo, "komeo la kusukuma". Jina hilo lenyewe humfundisha mtu matumizi yake.

Kwa muhtasari, tunapendekeza kwamba matangazo yaandikwe hivi. Kwenye mlango kingamoto: "MLANGO KINGAMOTO. RUDISHIA UKISHAPITA. USITIE KUFULI." Kwenye mlango wa dharura: "MLANGO WA DHARURA. SUKUMA. USIWEKE MZIGO HAPA. USITIE KUFULI WATU WAKIWAMO NDANI." Na katika tafsiri za sheria, kitenzi kufunga kisiachwe peke yake popote ambapo mlango watajwa, kisemwe wazi kama ni kurudishia, kukomea, au kutia kufuli. Pia mlango usielezwe kuwa "wa nje" ikiwa maana ni kwamba "unafungukia nje", kwani wa kwanza ni mahali ulipo na wa pili ni upande ambao ubao wake hwenda.

Walimu wa shule za ufundi wanaweza kuanza mara moja, kwa kuwapa wanafunzi zoezi la kusoma milango ya shule yao wenyewe: upi wafungukia ndani, upi una kufuli, na nani ana ufunguo. Watumishi wa halmashauri wanaotoa vibali vya ujenzi na leseni za biashara wanaweza kuandika masharti yao kwa vitenzi hivi. Nao wasomaji wetu wa Songwe, Rukwa na Mbeya, na wa ng'ambo ya mpaka, tunawaomba watuletee maneno watumiayo wao kwa mlango uliorudishwa bila kukomewa. Huenda lipo neno bora kuliko haya, nasi tutalipokea kwa shukrani.